Kafyu ya Saa Moja na Sheria za Babu

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020 nilikuwa nimejilaza nyumbani, bando imejaa, chai iko karibu. Video ikaingia kwa kikundi chetu cha WhatsApp: Likoni, Mombasa. Watu wamejaa wakingoja feri wavuke waende kwao, wengi wametoka kazini, na karao wanawacharaza rungu na kuwarushia vitoza machozi. Wengine wamelazwa chini, wamerundikana mmoja juu ya mwingine. Unajua niliandika nini? "Wapigwe tu, hawasikii." Nikaweka na emoji tatu za kucheka.

Nasema hivi mapema ndiyo usidhani nimekuja hapa kujifanya mtakatifu. Kitu ambacho sikuangalia siku ile ni saa. Kafyu ilikuwa ianze saa moja jioni. Wale watu walipigwa kabla ya saa moja. Yaani walipigwa kwa kosa ambalo lilikuwa bado halijaanza kuwa kosa, tena wakikimbilia nyumbani ili wasilifanye.

Siku hizi tukikumbuka corona tunakumbuka vichekesho. Hennessy ya Sonko, ile aliyosema ataitia kwa vifurushi vya chakula kwa sababu eti inasafisha koo. Soseji iliyogeuka tiketi ya kukaa baa, kwa sababu uliruhusiwa kunywa ukiwa unakula. Sawa, tucheke, tulihitaji kucheka. Lakini mjadala wenyewe, ule wa kweli uliokuwa mtaani na mtandaoni, haukuwa wa kuuliza kama ugonjwa upo. Wengi walijua upo. Swali lilikuwa: mbona kwetu ugonjwa ukija unaletwa mlangoni na askari? Na hilo swali ni la zamani kuliko corona. Ni la zamani karibu kama Nairobi yenyewe.

Wacha kwanza turudi kwa ile Machi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13, Waziri wa Afya akiwa Mutahi Kagwe. Siku mbili baadaye rais akatangaza shule zifungwe. Matatu ya abiria 14 ikaambiwa ibebe 8, na nauli ikapanda, kwa sababu mwenye gari hakuambiwa na mtu kwamba mafuta yamepungua bei kwa sababu viti vimepungua. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, huingii hutoki. Siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Kutembea bila barakoa, faini shilingi 20,000 au jela miezi sita. Mazishi watu 15. Msikiti na kanisa, kufuli. Ramadhani ya mwaka ule tarawehe zilisaliwa sebuleni.

Sasa fikiria saa moja jioni ilimaanisha nini kwa mama mboga. Biashara yake si ya asubuhi. Mteja wake ni yule anayeshuka matatu saa kumi na mbili, anachukua sukuma iliyokatwa na nyanya tatu, anaenda kupika. Ukifunga mji saa moja, mteja anapita mbio akiangalia simu, na mboga inalala. Muuza mutura ndiyo hata usiseme. Mutura ni chakula cha giza, nani anakula mutura saa tisa mchana jua likiwaka? Muuza chapati, mtu wa smokie, wa boda anayetegemea watu wa jioni: wote hao kafyu iliwakata saa zao za mshahara. Mwenye kazi ya ofisini alihamisha laptop tu mpaka meza ya kula.

Kwa hivyo mtandaoni tukagawanyika. Upande mmoja ulisema kaa nyumbani, okoa maisha. Mimi nilikuwa upande huo, na nilikuwa na sauti. Upande wa pili ulituuliza: nyumbani gani? Chumba kimoja cha mabati cha watu sita, choo cha kushiriki na ploti nzima, maji ya kununua kwa mtungi? Unaniambia ninawe mikono kila saa na mtungi wa lita 20 ndio wa kupikia, kufulia na kunywa? Tuliwaita wakaidi. Nikisoma tena yale mabishano, wao walikuwa wanajibu swali la afya kwa hesabu, sisi tulikuwa tunawajibu kwa matusi.

Halafu vifo vikaanza, na si vya corona. Siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwa baraza ya juu ya nyumba yao, Kiamaiko. Alikuwa nyumbani. Soma tena hapo. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akaomba msamaha kwa nguvu iliyotumika kupita kiasi. Kufikia mwanzo wa Juni, IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, ilikuwa imepokea malalamiko 87, na uchunguzi wao wa awali ukahusisha vifo 15 na polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu.

Chama cha wanasheria kilikuwa kimeshaenda kortini. Mwezi wa Aprili Mahakama Kuu ikasema hivi: kafyu yenyewe ni halali, kuna sababu ya kiafya, lakini nguvu iliyotumiwa na polisi inavunja Katiba. Na kuna kitu kidogo kwenye ile hukumu ambacho hakiniishi. Jaji aliagiza orodha ya watu wanaoruhusiwa kutembea usiku iongezwe mawakili na IPOA. Kumbe waliandika kafyu, wakaorodhesha huduma muhimu, na hawakuona haja ya wakili kuweza kufika kituo cha polisi usiku.

Hapo ndipo nilianza kutafuta hii sheria imetoka wapi. Nilidhani ni kitu kipya, cha dharura ya 2020. Wapi! Amri ya kafyu ilitolewa na Waziri wa Usalama, si wa Afya, chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Hiyo ni sheria ya 1950. Miaka miwili kabla ya Gavana kutangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Na zile kanuni za barakoa na karantini zilitungwa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ya 1921. Unaona? Kupigana na kirusi cha karne ya 21 tulifungua kabati la mkoloni tukatoa zana zake mbili.

Na mkoloni hakuzitengenezea pale pale. Alikuwa amejifunzia Nairobi.

Mwaka 1902, mji huu ukiwa na miaka mitatu tu tangu reli ifike, tauni ilizuka kwenye Bazaar ya Wahindi. Tauni ni ugonjwa wa viroboto na panya, na mahali hapo palikuwa pamesongamana, hapana mitaro ya maana, maji machafu yanatuama. Nani alipaswa kuchimba mitaro? Waliokuwa wakitawala mji. Walichofanya ni kuchoma Bazaar. Moto. Maduka, nyumba, mali ya watu. Kisha wakaanza kuongea kana kwamba ugonjwa ulikuwa tabia ya Mhindi, si kosa la mji usio na mitaro.

Mwaka 1913 akaletwa mtaalamu kutoka Uingereza, Profesa Simpson, aangalie usafi wa miji ya Afrika Mashariki. Ripoti yake ilitoka ikipendekeza miji ipangwe kwa rangi: Mzungu huku, Mhindi kule, Mwafrika mbali zaidi, na nafasi katikati. Sababu iliyotolewa ni afya. Angalia ujanja huo. Huwezi kubishana na daktari anayekuambia anazuia tauni, hata kama anachokuzuia ni wewe.

Mwishoni mwa 1918 ikaja homa ile ya dunia nzima, ikaingilia pwani na kupanda bara, ikawakuta watu waliochoka kwa vita na wapagazi wa Kariakoo wakirudi makwao. Baada ya hapo mambo yakafuatana haraka: kipande cha kuning'iniza shingoni, Sheria ya Afya ya 1921, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920 Pumwani ikafunguliwa kama mahali rasmi pa Mwafrika kuishi Nairobi, huku vijiji ambavyo watu walijijengea mjini vikianza kubomolewa kimoja baada ya kingine. Kila mara maneno yalikuwa yale yale: uchafu, msongamano, ugonjwa. Na kila mara aliyekuja kuyatekeleza hakuwa na dawa. Alikuwa na rungu na karatasi.

Ukishajua hayo, Mei 2020 inasomeka vingine kabisa. Tarehe 4 Mei, katikati ya "kaa nyumbani", tingatinga liliingia Kariobangi Sewage, Nairobi. Maelfu ya watu wakaachwa nje msimu wa mvua, na kulikuwa na amri ya korti ya kuzuia ubomoaji. Katikati ya mwezi huo huo Ruai nako kukabomolewa, tena usiku, saa ambazo raia akionekana nje anakamatwa. Serikali ile ile iliyokuambia usitoke nyumbani ilikuja kuitoa nyumba yenyewe. Mji uliozaliwa kwa kuchoma Bazaar haukushangaa. Ni sisi tulishangaa kwa sababu hatukufundishwa.

Siku mbili tu baada ya Kariobangi, tarehe 6 Mei, Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zikafungwa, ndani ya Ramadhani. Wizara ilisema maambukizi yamepanda huko, na namba zilikuwa zimepanda kweli. Lakini watu wa Eastleigh walikuwa wanakumbuka Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch, maelfu wakibebwa na lori kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho. Kwa hivyo walipoona vizuizi vya polisi mtaani hawakuona daktari nyuma yake. Hata kupimwa watu walikwepa, na ungekwepa pia: kupatikana na corona kulimaanisha karantini, na karantini wiki zile za kwanza ulilipia mwenyewe. Waliokamatwa usiku nao walitupwa karantini kama adhabu. Watu waliruka ukuta! Serikali ilikubali kulipa gharama ya vituo vya umma baada ya kelele nyingi. Ukifanya kupimwa kufanane na kushtakiwa, watu watajificha, na mgonjwa aliyejificha ndiye anayeambukiza nyumba nzima.

Najua kuna mtu anasema: basi ulitaka tufanye kama Tanzania? Hapana. Hilo jibu tulilitumia sana wakati ule, pande zote mbili. Wengine walituonyesha Wabongo wakiwa mpirani na kanisani, wakasema ona, wanaishi. Wengine wakajibu kwa lile papai na mbuzi ambao Rais Magufuli alisema wamepimwa wakakutwa na corona. Lakini Tanzania iliacha kutoa takwimu mwaka 2020, ikiwa na wagonjwa 509, kwa hivyo mtu akikuambia kule walikufa wangapi, anakisia. Kwetu waliohesabiwa wamekufa walipita 5,000, na hao ni wale tu waliohesabiwa. Nisieleweke vibaya: ugonjwa uliua. Barakoa haikuwa ukoloni, na kuzuia mikutano kulikuwa na maana. Ninachosema ni kwamba kati ya kuficha namba na kupiga watu Likoni kulikuwa na barabara pana sana, na hatukuitafuta kwa sababu zana zilizokuwa kabatini zilikuwa za kupiga.

Mambo madogo yalionyesha barabara hiyo ipo. Vibuyu chirizi kila pembe ya mtaa, mtungi na kamba na kipande cha sabuni, vingi vimetengenezwa na vijana wenyewe bila kusubiri mtu. Mafundi wa cherehani waliogeuza vitenge kuwa barakoa. Wahudumu wa afya wa jamii wanaojua kila ploti na nani anakohoa. Hao hawakuhitaji rungu ili wasikilizwe.

Kafyu ilienda ikibadilika saa. Juni 2020 ikawa saa tatu usiku, baadaye saa nne. Machi 2021 wimbi la tatu likafunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na kafyu huku ikawa saa mbili. Jumamosi ya tarehe 17 Aprili mwaka huo polisi walifunga Thika Road usiku, wakawaweka watu kwenye magari kwa masaa, na ambulensi zikakwama humo humo. Ambulensi, kwa jina la afya. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa kwa kuchelewa kafyu na wakapatikana wamekufa, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji.

Tarehe 20 Oktoba 2021, Mashujaa Day, rais akaiondoa kafyu papo hapo. Usiku huo mtaa wetu haukulala. Muuza mutura alirudi kwa kona yake na nilimkuta na foleni. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu ile video ya Likoni, sijui hata kitu gani, kwa sababu yeye ni mtu wa Kisumu na hajawahi kupanda feri. Nikanunua ya hamsini nikaenda.

Sheria zote mbili, Sura ya 56 na Sura ya 242, bado ziko vitabuni. Na ule ujumbe wangu wenye emoji tatu bado uko kwa kikundi. Nimeutafuta juzi nikaupata. Chini yake kuna mtu mmoja tu aliyejibu, kijana tuliyesoma naye, mamake anauza samaki Likoni. Aliandika: "Saa ngapi?"