Thailand: mfalme wa miaka 70 aliyekuwa na redio ndani ya jumba lake

Tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka 1962, dhoruba iliyoitwa Harriet ilipiga kijiji cha wavuvi cha Laem Talumphuk, kusini mwa Thailand. Bahari ilipanda inchi kavu ikabeba nyumba, mitumbwi na watu. Mamia walikufa, na waliopona walibaki bila kitu.

Huko Bangkok, mfalme Bhumibol Adulyadej alikuwa na redio ndogo aliyoianzisha ndani ya jumba lake mwaka 1952. Siku za kawaida redio hiyo ilipiga muziki wa jazz, na mfalme mwenyewe alipuliza saksofoni. Safari hii iliomba msaada. Raia wakaleta nguo, chakula, dawa na pesa mpaka jumbani. Pesa zilizobaki zilianzisha, mwaka 1963, shirika la Rajaprajanugroh la kusomesha watoto waliofiwa na wazazi wao katika maafa.

Hapo ndipo nguvu yake ilipoanzia, maana kwa sheria hakuwa na nguvu nyingi. Tangu mapinduzi ya mwaka 1932, mfalme wa Thailand yuko chini ya katiba. Wanaoongoza ni mawaziri, na mara nyingi majenerali. Bhumibol alizaliwa Marekani mwaka 1927, akakulia Uswisi. Tarehe 9 mwezi wa sita mwaka 1946 ndugu yake mkubwa, mfalme Ananda, alikutwa amekufa kwa risasi chumbani mwake. Siku hiyohiyo kijana wa miaka 18 akarithi kiti.

Jenerali Sarit, aliyepindua serikali mwaka 1957, alihitaji jina la mfalme ili utawala wake ukubalike. Akamtoa mbele ya watu. Mfalme naye akashika njia za vijijini, ramani mkononi, akiuliza wakulima habari za maji na mashamba. Mwaka 1965 mwana wa mfalme wa Japani, Akihito, alimtumia tilapia 50. Ndiyo, tilapia hii hii ya maziwa yetu ya Afrika. Alizifuga katika bwawa la jumba, kisha vifaranga vikagawiwa nchini, na leo ni samaki wa kila soko kule. Mwaka 1969 ulianza mradi wa kuwapa watu wa milimani mazao mengine mahali pa afyuni.

Heshima hiyo ilipimwa wakati wa risasi. Mwezi wa kumi mwaka 1973, askari walipofyatulia wanafunzi, milango ya jumba ilifunguliwa wakimbilie ndani, na watawala wa kijeshi wakaondoka nchini. Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 mwezi wa kumi 1976, wanafunzi wa chuo kikuu cha Thammasat waliuawa kinyama na polisi pamoja na makundi yaliyojiita watetezi wa mfalme. Safari hii hakuna mlango uliofunguliwa. Jeshi likachukua utawala jioni hiyo, na vijana wengi wakakimbilia porini kwa waasi.

Mwezi wa tano mwaka 1992 damu ilimwagika tena Bangkok. Usiku wa tarehe 20, televisheni ilionyesha jambo ambalo wengi hawakulitegemea: waziri mkuu, Jenerali Suchinda, na kiongozi wa waandamanaji, Chamlong, wameketi chini mbele ya mfalme. Aliwauliza kuna faida gani kushinda huku umesimama juu ya mabomoko. Risasi zikanyamaza, na baada ya siku chache Suchinda akajiuzulu.

Lakini neno lenye uzito hivyo, hata likikosekana, watu wanalihesabu. Mapinduzi ya 2006 na ya 2014 yote yalipata kibali chake. Na kifungu namba 112 cha sheria kinampa anayemtukana mfalme kifungo cha miaka 3 mpaka 15 kwa kila kosa. Kwa hiyo ni vigumu kupima mapenzi ya raia peke yake, ukitoa hofu. Bhumibol mwenyewe, mwezi wa kumi na mbili mwaka 2005, alisema hadharani kwamba mfalme anaweza kukosea na anaweza kukosolewa.

Alikufa tarehe 13 mwezi wa kumi 2016, akiwa na miaka 88, na umati wa watu waliovaa nyeusi ulijaa barabara za Bangkok. Mwaka 2020 vijana waliingia katika barabara hizo wakidai ufalme ubadilishwe. Baadhi yao walishtakiwa kwa kifungu kilekile cha 112.