Kwa Udi na Uvumba

Ni nadra kupita sokoni Kanyakine majira ya kampeni bila ya kumsikia mgombea akiapa kwamba lami itafika kwa udi na uvumba, na huenda yeye mwenyewe hajapata kuunusa huo udi anaouapia. Neno udi tumelirithi kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kijiti tu. Lakini kijiti hicho ni moyo wa mti wa Asia uliojeruhiwa, ukaingiwa na kuvu, ukajihami kwa utomvu mweusi wenye kunukia. Uvumba nao ni utomvu mkavu, ndugu wa ubani ukusanywao huko Isiolo na Marsabit. Waganga walivifukiza vyote viwili, wasibakishe dawa, na nadhani ndipo msemo ulipozaliwa.

Mafuta ya udi, haludi ya wazee wa pwani, hayataki pupa: tone moja nyuma ya sikio, jingine kwenye kifundo cha mkono, bila ya kusugua, kisha mtu asubiri, kwani harufu ya kwanza ni kali, karibu na ya zizi, na utamu wake huja taratibu.

Sandali, mti mwingine wa manukato, ni habari nyingine. Msandali wetu, usio ule wa Mysore huko India, una mafuta hata mizizini, kwa hiyo wezi huung'oa mzima, licha ya marufuku ya Serikali ya mwaka 2007. Basi muuzaji akusifiapo sandali halisi, mwulize kwanza imetoka India au vichaka vya Samburu.