Mwendesha pikipiki za mashindano: miaka ya mwisho ya kazi
Katika mbio za pikipiki, miaka ya mwisho ya kazi ni kipindi, aghalabu baada ya umri wa miaka 35, ambamo ufundi bado upo lakini mifupa iliyovunjika hukawia kuunga, na mkono wa kulia, unaoshika mafuta na breki ya mbele, huwahi kukaza. Valentino Rossi wa Italia, bingwa wa dunia mara 9, alitwaa taji la mwisho mwaka 2009, akang'ang'ania hadi 2021 akiwa na miaka 42, kisha akahamia mbio za magari, njia iliyofunguliwa zamani na Mwingereza John Surtees, bingwa wa pikipiki aliyetwaa pia ubingwa wa Formula 1 mwaka 1964.

Afrika Mashariki mchezo ulioota mizizi ni motokrosi, yaani mbio za njia ya udongo yenye vilima vya kurukia, katika viwanja kama Jamhuri, Nairobi, na Garuga, Uganda. Kwa kuwa wengi hujilipia matairi na petroli, kustaafu hakuwanyimi mshahara ambao hawakuwahi kuupata. Raskazone, jijini Tanga, wanaoishi kwa pikipiki si wanamichezo bali bodaboda, yaani madereva wa pikipiki za abiria, na mwenye bahati akichoka usukani humwachia kijana chombo, akapokea hesabu, yaani malipo ya kila siku ya dereva kwa mwenye pikipiki.