Misitu ya Kaya za Wamijikenda na Wajibu wa Mkristo

Kaya, katika lugha za Wamijikenda, ni makao au mji. Jamii hizo ni tisa, nazo zinaishi Pwani ya Kenya: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe na Warabai. Masimulizi yao yanasema kwamba walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia maadui, wakajenga miji yao ndani ya misitu minene. Msitu ulikuwa ngome yao. Njia za kuuingia zilikuwa chache na nyembamba, na ndani ya mji palizikwa fingo, yaani kago la jamii nzima. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhamia mashambani. Palisalia makaburi ya wazee, mahali pa maombi, na miti.

Miti hiyo ilisalia kwa sababu ya miko. Wazee wa kaya walikataza kukata mti, kuchunga mifugo na hata kuokota kuni zilizoanguka zenyewe. Dawa zilichumwa kwa ruhusa. Aliyevunja mwiko alitozwa kuku au mbuzi. Hapakuwa na askari wa misitu wala ua wa seng'enge, na hata hivyo mashamba yaliishia ukingoni mwa kaya. Wataalamu wa mimea walipoichunguza misitu hiyo katika miaka ya 1980, walikuta humo mimea adimu ambayo kwingineko Pwani ilikuwa imekwisha kutoweka au karibu kutoweka.

Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 ikaziweka mila zenyewe katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ajabu ni kwamba heshima hiyo imekuja wakati walinzi wa asili wanapungua. Ardhi ya Pwani imepanda thamani; mahoteli, machimbo na wanunuzi wa viwanja wanaisogelea misitu, na vijana wengi hawaijui tena miko. Kaya Kinondo, karibu na Diani, imejaribu njia nyingine: wageni huingia wakiwa wamejifunga kaniki, wakiongozwa na wenyeji, na ada wanayotoa huisaidia jamii.

Waamini huuliza: je, si ibada za kipagani hizi? Swali ni la haki, wala halijibiwi kwa neno moja. Katika karne ya 8 Mtakatifu Bonifasi aliukata mwaloni wa Geismar uliowekwa wakfu kwa mungu wa radi, na wengi humtaja yeye tu. Lakini mwaka 601 Mtakatifu Gregori Mkuu alimwandikia Abate Mellitus, aliyekuwa akielekea Uingereza, kwamba sanamu ziondolewe ila mahekalu yenyewe yasibomolewe. Nasi twaona kwamba kwa habari ya kaya shauri la Gregori lafaa zaidi, maana msitu si sanamu. Mkristo hashiriki matambiko ya kafara. Anaruhusiwa, tena anawajibika, kuulinda mti ulioumbwa na Mungu yuleyule anayemwabudu. Katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alizitaja jamii za asili kuwa wa kwanza wa kushauriwa pale ardhi yao inapoguswa.

Kuna jambo zito zaidi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna ugomvi wa ardhi. Mhubiri anayetamka altareni kwamba kila mzee wa kaya ni mchawi huenda anamtolea mtu hukumu ya kifo, na msitu ukibaki bila mzee, hukatwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 63, inataja misitu ya jamii na mahali patakatifu miongoni mwa ardhi za jamii, na sheria ya mwaka 2016 inaeleza jinsi jamii inavyosajili ardhi yake. Parokia zilizo jirani na kaya zina waamini wanaojua kusoma hati na ramani, hata mawakili. Hao wanaweza kuketi na wazee, kuifuatilia mipaka na kuwasindikiza katika ofisi ya ardhi.