Solai: bwawa la kumwagilia lililoua watu 48 usiku mmoja

Usiku wa tarehe 9 mwezi wa tano mwaka 2018, kwenye saa mbili hivi, watu wa Solai walikuwa wanapika, wengine wamekwisha lala. Solai ni bonde la mashamba katika jimbo la Nakuru, inchi ya Kenya. Juu yao, kwenye mulima, kulikuwa bwawa lililoitwa Patel. Ukuta wake ulivunjika. Maji yakashuka na matope, mawe na miti, yakabeba nyumba pamoja na waliokuwa ndani, yakaharibu pia shule ya msingi. Walikufa watu 48, wengi wao wanawake na watoto.

Bwawa hilo halikuwa la umeme, wala halikuwa kubwa kama yale ambayo marais huenda kuyafungua. Lilikuwa la kumwagilia shamba la kahawa na maua, maua ya kuuzwa Ulaya. Wakati wa ukoloni Solai ilikuwa inchi ya masetla wazungu, hata tawi la reli lilifika kule kutoka Rongai kuchukua mavuno. Wazungu walipoondoka, mashamba makubwa mengine yalibaki makubwa, na watu wasio na uwezo wakajenga chini, kwenye vipande walivyovipata. Wakimbizi wa Kivu wanajua jambo hili bila kufafanuliwa: anayefika wa mwisho anapewa mahali ambapo wengine walipakataa.

Ukuta wa bwawa la namna hii ni udongo tu ulioshindiliwa. Unasimama vizuri ikiwa umepimwa na fundi, na ikiwa kuna mfereji wa pembeni wa kutoa maji yanayozidi. Adui yake ni maji kupita juu ya ukuta: yakianza, yanakula udongo, tundu linapanuka, na kisha muda mufupi hakuna ukuta tena. Adui mwingine anapita ndani. Maji yanajitafutia njia kidogo kidogo, na alama yake ni chemchemi ndogo chini ya ukuta. Ikitoa maji safi, inafaa kuchungwa. Ikitoa maji ya matope, ukuta unaliwa kutoka ndani, na walio chini wanapaswa kuondoka siku hiyo hiyo.

Mwaka 2017 Kenya ilikuwa na ukame mkali. Kuanzia mwezi wa tatu 2018 mvua ikanyesha bila kupumzika, na mafuriko yalikuwa yamekwisha ua watu zaidi ya 100 katika inchi mbele hata Solai haijaguswa. Kwa hiyo mvua ilikuwa na sehemu yake. Lakini mvua haijengi bwawa. Wakubwa wa idara ya maji walisema mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na ruhusa, na kamati ya baraza la seneti ikachunguza pia. Swali ambalo wakaaji walibaki nalo ni rahisi: bwawa linaonekana na kila mtu anayepita barabarani, basi aliyepaswa kuomba karatasi alikuwa wapi miaka yote hiyo?

Hapa Kivu ya Kusini, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe walizika watu zaidi ya 400. Pale hapakuwa bwawa, ni mito na milima yenyewe. Ila wafu walikuwa watu wa namna moja: wale wanaoishi mahali maji yanapopita.

Kule Kenya watu tisa walishitakiwa mwezi wa saba 2018, kati yao wakubwa wa shamba na watumishi wa serikali. Mwanzoni mwa 2020 tribinali ya Naivasha ikawaachilia, kwa sababu upande wa mashitaka haukuonyesha nia ya kuendelea na kesi. Mahakama Kuu baadaye ilikataa uamuzi huo na kuagiza kesi ianze upya. Familia za Solai zikarudi kungoja tarehe.