Kabla ya Hoteli: Kutoka Mombasa Hadi Lamu

Muulize kijana yeyote wa Mombasa hoteli ni nini, atakwambia ni pale tunapokunywa chai kwa mahamri na mbaazi. Pa kulala twapaita gesti au loji. Neno hoteli tumelichukua kwa Waingereza, na mkahawa limetokana na kahawa, ambalo asili yake ni Kiarabu. Sasa swali ni hili: kabla ya maneno haya kuja, msafiri aliyeshuka jahazini katika miji yetu alilala wapi, na alikula nini? Wengi wetu likizo hii tutapanda basi la Malindi au la Lamu. Hebu tuifuate njia hiyo hiyo tukitafuta jibu.

Shahidi wetu wa kwanza ni Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliona vijana wakiikimbilia meli kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kusema, huyu ni mgeni wangu. Basi mfanyabiashara akishuka hukaa kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia bidhaa. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumdhulumu, au akimuuzia pasipo mwenyeji kuwepo, biashara ile haikubaliki. Yaani ukarimu ulikuwa pia ni dhamana ya soko. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, akaletewa wali wa samli na mchuzi, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya limau, tangawizi na maembe.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu ni ndizi na samaki, na nafaka yaletwa kutoka bara. Alisifu misikiti yao ya mbao na visima vilivyokuwa milangoni, ambapo watu walitawadha. Hoteli zilikuja baadaye sana, hasa baada ya ujenzi wa reli kuanza hapa mwaka 1896 na wageni wasio na wenyeji kuongezeka. Mji wa Kale bado lipo jengo lililokuwa likiitwa Africa Hotel, moja kati ya hoteli za mwanzo za kisiwa hiki.

Tukitoka Mombasa tunavuka Kilifi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo ilikuwa ni kungojea feri. Kilifi ni mji wa korosho, na hapa sahani yetu yaanza kusema. Mkorosho asili yake ni Brazil, uliletwa na Wareno. Muhogo na mahindi pia ni vya Amerika. Mbaazi zatokana na India. Kwa hiyo ule muhogo wa nazi unaofuturia nyumbani, babu zako wa zama za Ibn Battuta hawakuujua kabisa!

Mbele kidogo ni Gede, mji wa mawe ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17 na kuanza kufukuliwa mwaka 1948. Kaburi moja limeandikwa tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mabakuli ya Kichina yaliyopatikana pale yatuonyesha kuwa wageni wa mbali na vitu vyao si jambo geni kwetu. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia.

Malindi kuna funzo jengine. Mwaka 1498 mfalme wake alimpokea Vasco da Gama, akampa chakula na rubani wa kumvusha hadi India. Haukuwa ukarimu mtupu. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na alitaka rafiki mwenye mizinga. Mwaka 1505 Wareno waliichoma Mombasa. Lakini walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walihamia Mombasa, wakamchukua na sheikh wa Malindi, na mji wake ukadidimia. Zile hoteli za ufuoni, kama Lawford's, zilikuja katika miaka ya 1930.

Mwisho tunapanda boti Mokowe kuingia Lamu. Ingia nyumba ya zamani ya mawe. Kuna daka, pale kwenye baraza za mlangoni, ambapo mgeni wa mara moja hupokewa. Na kuna sabule, chumba cha mgeni wa kulala, kilichotengwa ili asiingiliane na watu wa nyumba. Hii ndiyo hoteli tuliyokuwa tukiitafuta! Haikuwa na kibao wala bei. Madrasa tulifundishwa kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na wahenga nao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Lamu pia ina hoteli yake kongwe, Petley's, yenye jina la Mwingereza Percy Petley. Lakini linalofaa kutuuma ni jengine. Nyumba nyingi za zamani zimenunuliwa na watu wa ng'ambo, na nyingine zakodishwa kwa watalii. Sabule iliyojengwa ili mgeni alale bure sasa yatozwa kwa usiku. Mwenye nyumba simlaumu, kwani kutengeneza nyumba ya mawe ni gharama na watoto wanataka karo. Ila tukiuza nyumba pamoja na kumbukumbu zake, kesho vijana wetu watakuwa wabeba mizigo katika vyumba ambavyo majina yake hawayajui.

Kwa hivyo ukifika kwa jamaa zako sikukuu hii, usiishie kwenye biriani. Muulize bibi wageni walikuwa wakilala chumba gani, wakipikiwa nini, na nani aliwadhamini sokoni. Yaandike, na umsomee mdogo wako.