Kuzeeka Mjini: Habari za Wazee wa Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Kila mwaka kitabu hiki huwaletea wanachama hesabu ya fedha na ya kazi zilizofanywa. Mwaka huu Halmashauri imeona yafaa kutanguliza habari za zamani, ili lieleweke vema shauri tunaloliweka mbele ya Mkutano Mkuu: tuwafanyie nini wazee wetu waliokwisha kazi, nao wangali wakaa katika mitaa hii ya Mashariki ya Nairobi?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tangu reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Mwafrika alikuwa mgeni wa namna nyingine: jembe alipewa siku ile ile ya kwanza, na lilipomponyoka mkononi aliambiwa arudi kwao. Kipande alichovaa shingoni kilitaja kazi yake na bwana wake. Uzee wake haukuwa na mahali pa kuandikwa. Chumba chake cha Muthurwa au Makongeni kilikuwa mali ya Reli, na kazi ilipokwisha hakuwa na haki nacho tena. Hivyo mtu aliweza kupotewa na vitu vitatu kwa mara moja: mshahara, nyumba na majirani.

Hata hivyo walikuwako waliojitafutia njia. Katika Pangani ya kale, na katika Pumwani iliyowekwa na Manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walijenga nyumba za udongo kwa fedha zao wakapangisha vyumba. Wengi katika wenye nyumba hao walikuwa wanawake, na baadhi yao hawakuwa na shamba wala mume wa kurejea kwake. Kodi ya chumba ndiyo iliyokuwa akiba yao ya uzeeni. Nyumba za Pangani zilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, Shauri Moyo ilijengwa kwa ajili ya waliohamishwa, na wengine wakaingia Pumwani. Kwa kijana, kuhama ni kubeba mzigo. Kwa bibi aliyekula kwa kodi ya vyumba viwili, kuhama ni kuanza maisha upya wakati nguvu zimekwisha.

Katika miaka ya 1940 na 1950 mitaa ilizidi: Kaloleni, Ziwani, Bahati, kisha Mbotela na Ofafa, iliyopewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa siku za Hali ya Hatari, mmoja mwaka 1952 na mwenziwe mwaka 1953. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu, wengi wakapelekwa katika kambi za Mackinnon Road na Manyani. Kilichovunjika siku ile kilikuwa pamoja na ule ujirani ambao mzee huutegemea kuliko fedha: mtu wa kumteka maji na wa kumgongea mlango asubuhi.

Mwaka huo huo wa 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilitaja mambo anayoyahitaji mfanyakazi wa mjini ili atulie: mshahara wa kutosha jamaa yake, kazi ya kudumu, nyumba ya kukaa na jamaa hiyo, na usalama katika uzee wake. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba haja hiyo haikujulikana.

Vyama vya msaada kama hiki chetu vilisimama katika pengo hilo. Vilimpokea kijana mgeni, vilisuluhisha ugomvi, na zaidi ya yote vilichanga fedha za sanduku na za gari ili maiti isizikwe ugenini. Twajivunia kazi hiyo. Lakini yatupasa kukiri neno moja. Mwili wa mzee ulifika kwao kwa heshima. Mzee mwenyewe, alipokuwa hai, mara nyingi hakupewa hata nauli.

Mwaka 1965 Serikali ya Kenya huru iliunda Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Mwajiri na mfanyakazi walichanga, na mfanyakazi alipostaafu alilipwa kwa mkupuo mmoja. Fedha za miaka mingi zilitiwa mkononi siku moja, na ada za shule, mabati na madeni zikazingojea mlangoni. Fundi wa kando ya njia na mama muuza mboga, ambao hawakuwa na mwajiri, kwa kawaida walibaki nje.

Habari ya Muthurwa yatufundisha zaidi. Nyumba zile na ardhi yake zilitiwa katika mfuko wa malipo ya wastaafu wa Reli, ili wastaafu wapate haki yao. Mwaka 2010 wapangaji waliambiwa watoke, na miongoni mwao walikuwamo watu waliopata kuitumikia Reli na jamaa zao. Shauri likafika Mahakama Kuu, nayo mwaka 2013 ikaamua kwamba haki ya wapangaji ya kuwa na makazi haikuheshimiwa. Kumbe upande huu palikuwa na wazee waliodai malipo, na upande ule wazee waliodai kulala chini ya paa. Haki ya mmoja isijengwe juu ya kilio cha mwenziwe.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kwa jamaa zao na kwa Serikali. Mwaka 2018 msaada wa shilingi 2,000 kwa mwezi ulipanuliwa uwafikie wenye miaka 70 na zaidi. Twashukuru, lakini fedha haimgongei mtu mlango asubuhi.

Basi twaomba Mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, sehemu ya mchango wa mazishi itengwe kwa walio hai. Pili, mwanachama akaribiapo kustaafu, wawili wetu wamwendee pamoja na mkewe, washauriane mapema kuhusu fedha na mahali pa kukaa. Tatu, mjane asaidiwe kutunza hati za nyumba kabla matanga hayajaondoka. Tumejua kuwazika wazee wetu. Na tujifunze kukaa nao.